Okidi Iliyokuja na Gunia la Mkaa

Ilikuwa Septemba, Tabora imekauka na vumbi limetanda, muuza mkaa alipoegesha baiskeli uani kwa mama mkubwa, mtaa wa Isevya. Juu ya gunia alikuwa amefunga mmea uliokuwa umeshikamana na tawi la mtundu uliokatwa. Yeye alidhani ni dawa. Kumbe ni Ansellia africana, okidi kubwa ya miombo inayotoa maua ya njano yenye madoa ya kahawia.

Mama mkubwa akaleta ndoo ya udongo na samadi. "Mwanangu, tuuzike kabla jua halijauua." Nikamwomba asubiri. Okidi hii huishi juu ya miti, na mzizi wake umevikwa gamba jeupe linalofyonza maji kwa haraka, kisha likataka hewa. Ukiufukia kwenye udongo unaokaa na unyevu, mzizi unakosa hewa na kuoza.

Alikuwa pia ameshika kisu, tayari kunyoa mizizi myembamba iliyochongoka kuelekea juu. Hiyo haikuwa imekufa. Ansellia huiotesha makusudi ili inase majani makavu yanayoanguka, yakioza yawe chakula. Tukaiacha yote. Ile minene iliyong'ang'ania gome tukaibonyeza mmoja mmoja: ulio mgumu ni mzima hata kama una rangi ya vumbi, ulio laini, ambao gamba linavuka na kubakiza uzi katikati, tukaukata. Kisu kilipitishwa kwanza kwenye moto. Mdalasini wa unga tukaugusisha penye jeraha tu, kwa sababu hukausha, na ukiumwaga juu ya mizizi mizima unaidhuru. Mashina manene yasiyo na majani nayo hayakuguswa, maana ndiyo ghala la maji na chakula cha kuotesha mizizi mipya.

Jirani akashauri tupake asali. Tabora asali hutajwa kwa kila ugonjwa, lakini hapa ingeita sisimizi tu.

Mmea ukalazwa kivulini hadi kesho yake, majeraha yakauke. Vipande vya mkaa vya sentimita 2 hadi 4 vikaoshwa mpaka maji yakawa meupe, kwa kuwa vumbi lake huziba nafasi za hewa. Chungu kilikuwa cha udongo, upana wa sentimita 20 hivi, chenye matundu chini na ubavuni. Mama mkubwa alitaka kikubwa zaidi "kipate kukua." Chungu kikubwa hukaa na maji katikati muda mrefu, na hapo ndipo uozo unapoanzia.

Kazi iliyotuchukua muda ni kufunga. Mmea unaoyumba kwa upepo husugua ncha changa za mizizi, na ncha ikichubuka mzizi unasimama. Tulikata mpira wa baiskeli uliochakaa kuwa kanda, tukaufunga mmea kwenye kijiti kilichosimikwa chunguni, ukakaza bila kukata mashina. Kisha tukautundika kwenye tawi la mwembe, jua la asubuhi likiupata kidogo, na kuku wasifike.

Maji yakawa kidogo: kunyunyizia asubuhi, kuacha ukauke kabla ya usiku. Watu wengi huzidisha maji wakitumaini kuita mizizi, nami naona hilo ndilo linaloua okidi nyingi majumbani. Mizizi hutoka chini ya chipukizi jipya, na chipukizi lina msimu wake.

Lilitokea mvua zilipoanza. Lilipofika urefu wa kidole, mizizi mipya ikachungulia, ncha zikiwa za kijani. Hapo ndipo maji yakaongezwa, chungu kikilowekwa dakika 10 na kuachwa kichuruze kabisa. Mbolea ya NPK inayoyeyuka tuliitia robo ya kipimo cha pakiti, kila wiki mbili, juu ya mizizi iliyokwisha lowa. Kwenye mizizi mikavu chumvi yake huunguza ncha. Mara moja kwa mwezi maji matupu yalipitishwa kwa wingi kuisafisha. Usiku mama mkubwa alikagua konokono kwa tochi, maana hula ncha hizo kabla ya kitu kingine chochote.

Kanda za mpira hatukuzifungua hadi mizizi ilipoushika mkaa, mmea ukitikiswa polepole chungu nacho kinatikisika.