Kumbukumbu ya mradi: ukuta wa nyuma umepata mtu wake

Hatimaye nimesaini na mbomoaji, na kazi imeanza. Nyumba hii ya zamani ya Kadutu, hapa Bukavu, ilitakiwa iwe chini tangu kiangazi kilipoanza. Kilichotukwamisha si pesa wala karatasi za urbanisme (ofisi ya mipango miji), wenye parseli mnazijua. Ni ule ukuta wa nyuma.

Parseli yetu imechongwa ubavuni mwa mlima, kama nyingi za Bukavu. Aliyejenga enzi za Wabelgiji alikata udongo, akasimamisha ukuta wa mawe na matofali palepale kwenye mkato, ukawa ukuta wa vyumba na papo hapo ukawa kizuizi cha mlima. Juu yake, hatua chache tu, kuna jiko la mama jirani. Ukiubomoa huo kama unavyobomoa mingine, masufuria yake yanashukia kwetu, pengine na yeye mwenyewe.

Kwa hiyo kila kontrakta aliyefika nilimwuliza jambo moja: huu wa nyuma utaufanya nini? Mmoja alipiga picha kwa simu, akasema, “Patron, hii ni siku mbili.” Mwingine alitaka kukodi kompresa na nyundo ya hewa. Vijana wa mwingine walikuwa wameshainua nyundo wavunje vipande vya Eternit (bamba za saruji yenye asbesto) vya veranda, vumbi la asbesto lijae mapafuni mwao na mwa watoto wa jirani. Vitu vile vinalowanishwa maji, vinang'olewa vizima, vinafungwa kwenye plastiki. Nikawasindikiza hadi barabarani.

Kisha akaja wa bure. Hataki hata dola, ila manjanja (mabati ya paa), mbao, milango na vyuma ni vyake. Si mwizi, ndiyo hesabu yake: analipwa na vinavyouzika, navyo vikiisha anaondoka, kifusi unabaki nacho wewe. Nilipouliza kifusi kitaenda wapi, akanyoosha mkono upande wa mto Kawa. Mto wenyewe umeshajaa takataka, na mvua ikinyesha wanaolia ni wenye nyumba za chini.

Aliyepata kazi ni mzee mmoja wa Bagira, fundi wa mawe, asiye na kofia ngumu ya shantie wala kadi ya kugawa. Hakuanza na ukuta. Alipanda kwanza kwa mama jirani, akamsalimu, akamwuliza maji ya jikoni kwake yanapita wapi. Aliposhuka akapapasa ukuta kwa kiganja, akagundua matundu ya kutolea maji yalizibwa zamani na mtu aliyepiga plasta, ndiyo maana sehemu ya chini haikauki. Halafu akasema: “Huu hausimami peke yake. Unaegemea hizi kuta mbili za vyumba.”

Hapo ndipo alinishika. Wenzake wote walitaka kuanzia hizo hizo za ndani, kwa kuwa ni nyembamba na zinaanguka upesi.

Mpango wake: manjanja, mbao za paa, kisha kuta za mbele na za pembeni, kutoka juu kwenda chini. Zile mbili za ndani anazikata kwa umbo la ngazi, kipande cha nyuma kinabaki kuwa mhimili, anaongeza miti ya mikaratusi yenye kabari. Kisha ukuta mpya wa mawe unajengwa kipande hapa, kipande kule, kamwe si viwili vinavyopakana kwa wakati mmoja, kila kimoja na bomba lake la maji. Yote kabla ya mvua za Septemba. Kwenye nyufa za zamani amebandika vipande vya jipsi, akaandika tarehe. Kikipasuka kimoja, ukuta unatembea, kazi inasimama. Navikagua kila asubuhi kabla sijanawa uso.

Malipo ni kwa hatua. Fungu la mwisho linatoka kifusi kikishaondoka na mama jirani akishakubali kwamba jiko lake halina ufa mpya. Tulilipiga picha pamoja kabla ya kazi, rula ameishika yeye mwenyewe. Kontrakta anayekataa picha za namna hiyo, muage mapema.

Kuhusu vifaa: nyundo ya hewa ni nzuri kwa dali (sakafu ya zege) iliyo peke yake uwanjani, lakini mtikisiko wake hapa ni hatari. Masi (nyundo kubwa) ya kilo tano na baramini (mtaimbo) vinatosha. Ile ya kilo kumi ni ya kujionyesha hadi saa nne, baadaye inageuka kiti.

Nilikuwa nimepanga kuweka hapa jedwali la bei zote nilizopewa. Litasubiri, maana ukuta wa mbele umenivuruga akili: matofali yake yalijengwa kwa chokaa, unagonga kidogo tu yanatoka masafi. Pale ulipokuja kurekebishwa kwa saruji, tofali linavunjika kabla ya saruji kuachia. Haya masafi sitauza. Nimeanza kuchora tanuri la mikate kwenye kona niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya gari, na mke wangu bado hajauona mchoro.

Kesho wanateremsha lenta ya sebuleni (boriti ya juu ya mlango au dirisha). Ndani yake kumetokeza kipande cha reli, mzee anasema vyuma vinahesabiwa kwenye fungu lake, mimi nasema kwenye kontra tuliandika manjanja tu. Tunalijadili kesho asubuhi.