Wanaanga wanavyojiandaa, kwa macho ya sista wa dharura

Angani huwezi kumfanyia mtu CPR, yaani kumkandamiza kifua moyo ukisimama, kama tunavyofanya huku chini. Ukimkandamiza kifua yeye anaenda kule na wewe unarudi huku, maana hakuna uzito wa kuwashikilia, kwa hiyo mgonjwa anafungwa kwanza mikanda kwenye ubao, halafu anayemhudumia anageuka kichwa chini miguu juu, nyayo anazikita darini, mikono kifuani kwa mgonjwa, afu anasukuma kwa kunyoosha miguu. Video ya hilo zoezi niliiona nimetoka zamu ya usiku na usingizi uliisha palepale. Toka siku hiyo nikipata bando nasoma jinsi wanavyoandaliwa watu wanaoenda kuishi kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, na mtoto wa dada yangu aliyeko sekondari hapa hapa Dodoma naye nimemwambukiza, kila akija nyumbani ni "mama mdogo, leo umesoma nini?"

Swali lake kubwa lilikuwa hili: kama chombo kinafika kule ndani ya siku moja au hata masaa machache, kwa nini mtu afundishwe miaka? Na kweli kituo chenyewe hakiko mbali, kiko kama kilomita 400 juu, yaani kikipita juu ya vichwa vyetu hapa Dodoma kiko karibu na sisi kuliko Dar ilivyo kwa barabara. Kinakimbia kama kilomita 28,000 kwa saa, kinamaliza kuizunguka dunia kwa dakika kama 90, na toka Novemba 2000 hakijawahi kukaa hata siku moja bila watu ndani. Jibu nililompa ni kwamba kwenda ndo sehemu fupi. Muda mwingi wanafundishwa vitu vikiharibika wafanyeje, na vikiharibika wakiwa wachache, wenyewe kwa wenyewe, simu ya kupiga ipo ila wa kuja hakuna.

Nafasi yenyewe kuipata ni shughuli. Kundi la 2021 la NASA, shirika la anga la Marekani, waliomba watu zaidi ya 12,000 wakachukuliwa 10. Hao 10 wakaingia kwenye mafunzo ya msingi ya miaka kama miwili, wanasoma mifumo ya kituo, kazi za nje ya chombo, kuendesha mkono wa roboti, Kirusi, na kurusha ndege za mafunzo za T-38. Baada ya hapo unasubiri upangiwe safari, na ukishapangiwa unaanza tena na timu yako, mwaka na zaidi, leo Houston kesho Moscow keshokutwa Ulaya au Japani. Kirusi lazima, maana kwenye Soyuz, chombo cha Warusi, maandishi ya vitufe ni Kirusi, vitabu vya taratibu ni Kirusi, na redioni ni Kirusi hata kama moto unawaka.

Sasa tiba, na hapa naomba mnivumilie maana ndo kazi yangu. Kituoni si lazima kuwe na daktari. Wanateuliwa wawili kwenye timu wanapewa masaa kama 40 ya mafunzo, wanajifunza kushona kidonda, kung'oa jino, kuweka kanula, kuingiza mrija wa hewa, kutumia altrasaundi huku mtaalamu akiwaelekeza kutoka duniani. Masaa 40! Sisi tunakaa chuo miaka na bado mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji unakutoa jasho. Na huko hata dripu haishuki yenyewe, hakuna chini, maji yanasukumwa kwa pampu, na mapovu ya hewa hayapandi juu ya chupa kama tulivyozoea, yanakaa katikati ya maji, kwa hiyo kuyatoa ni kazi nyingine ya kujifunza.

Kuna kesi moja ilitangazwa 2020 kwenye jarida la madaktari la Marekani ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko kitu chochote. Mwanaanga mmoja, jina halikutajwa, alikuwa na kama miezi miwili kituoni, anajipiga altrasaundi ya shingo kwa ajili ya utafiti tu, haumwi kitu, wataalamu duniani wakaona damu imeganda kwenye mshipa mkubwa wa shingo upande wa kushoto. Hakuna ambulensi. Kwenye sanduku la dawa kulikuwa na chupa chache za enoxaparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, wengi wodini tunaiita Clexane, na sindano pia za kuhesabu, ikabidi dozi ipangwe ili dawa ifike mpaka chombo cha mizigo kilete vidonge vya apixabani vya kazi hiyo hiyo. Alijichoma kwa zaidi ya mwezi. Na kuvuta dawa kwenye chupa kule ni mtihani sababu maji yanashikamana na kuta za chupa. Naamini aliweza kwa sababu mkono wake ulishashika probu, kile kifaa cha altrasaundi kinachopitishwa mwilini, na sindano kabla hajaondoka duniani, akiwa mzima, hana haja navyo.

Ndo maana naipenda sana ile sehemu ya simulata. Timu inaingia kwenye mfano wa chombo, vitufe vyote vipo, halafu walimu wanakaa chumba kingine na kazi yao ni kuwaharibia. Kompyuta inazima, ukiitatua pampu inakufa, ukiwa kwenye pampu moshi unaanza, na kumbe kosa la kwanza hukulimaliza vizuri ndo linakuja kukumaliza sasa. Dharura tatu wanarudia mpaka zinakuwa za damuni: moto, hewa kuvuja, na amonia, maana upande wa Wamarekani unapozwa kwa amonia inayozunguka mabomba ya nje na ikiingia ndani inaua haraka. Tarehe 14 Januari 2015 king'ora cha amonia kililia kweli. Kiongozi alikuwa Barry Wilmore, wakavaa barakoa, wakakimbilia upande wa Warusi, wakafunga mlango, wote sita wakakaa huko masaa mengi mpaka duniani wakathibitisha kuwa ni kompyuta ndo ilidanganya. Hapakuwa na amonia. Hakuna aliyebishana kwanza au kusema ngoja nikaangalie, walifanya walichofanya kwenye mazoezi, afu maswali baadaye.

Huyo huyo Wilmore ndo yule wa 2024. Yeye na Suni Williams waliondoka tarehe 5 Juni na chombo kipya cha Boeing, safari ya siku kama 8, chombo kikapata hitilafu kikarudishwa kitupu, wao wakabaki mpaka tarehe 18 Machi 2025, siku 286. Mtandaoni watu walilia sana kuwa wamekwama, hata huku kwetu niliona, ila walikuwa wameshafundishwa toka mwanzo kama watu wa kukaa muda mrefu, endapo. Williams akawa kiongozi wa kituo, akatoka nje kufanya matengenezo akavunja rekodi ya wanawake ya masaa ya kazi za nje. Mtu aliyejiandaa kwa wiki moja tu asingeweza hivyo.

Bwawa la Houston, la kufanyia mazoezi ya kazi za nje ya chombo, nalo lina maajabu yake. Urefu mita 62, upana 31, kina 12, na ndani yake wamezamisha mifano ya sehemu za kituo kwa ukubwa halisi. Mwanaanga anavishwa suti, anashushwa na winchi, wazamiaji wanamuongezea vipande vya uzito na vya kuelea mpaka asizame wala asipande, afu anafanya kazi mpaka masaa 6 hivi. Ila mwili ndani ya suti bado una uzito wake, ukigeuzwa kichwa chini unaning'inia kwenye mabega yako mwenyewe na damu inajaa kichwani, ndo maana wengi wameumia mabega wakiwa mazoezini kabla hata ya kuona roketi. Hilo halisemwi sana na mimi naona lisemwe, maandalizi yenyewe yana majeruhi.

Na faida yake ikaonekana tarehe 16 Julai 2013. Luca Parmitano, Muitaliano, yuko nje ya kituo na mwenzake Chris Cassidy, maji yakaanza kujaa kwenye helmeti yake kutoka kwenye mfumo wa kupoza suti. Angani maji hayashuki, yanatambaa usoni, yakamfunika macho, yakaingia puani, masikio yakaziba, redio haisikiki vizuri, na jua likazama juu ya hayo. Alirudi mlangoni kwa kufuata mvuto wa kamba yake ya usalama, kwa kuhisi tu, na Cassidy akawa anamminya mkono kujua kama bado yuko sawa. Baadaye ilikadiriwa yalikuwa kama lita moja na nusu. Sasa hivi helmeti zina pedi ya kunyonya maji na mrija wa kupumulia, na timu zinazofuata zinafanyia mazoezi hilo hilo.

Warusi wao wanapeleka timu msituni wakati wa baridi kali, watu watatu na vitu vilivyomo kwenye kapsuli tu, wanakata miti, wanajenga kibanda kwa parashuti, wanawasha moto, na mmoja anaigiza kavunjika mguu ili wawili wambebe. Sababu ipo. Mwaka 1965 Alexei Leonov na Pavel Belyayev walitua mbali na walipotarajiwa, wakalala usiku mbili kwenye msitu wenye theluji kabla ya kutolewa. Wazungu wa Ulaya nao wanazipeleka timu kwenye mapango ya Sardinia, giza, unyevu, hakuna saa ya jua, na kinachoangaliwa kule si nguvu. Wanaangalia nani anasema mapema kuwa amechoka, nani anamsaidia kiongozi bila kutaka uongozi, nani anakula chakula cha mwenzake kwa kujisahau. Mtu yeyote aliyewahi kufanya zamu tatu mfululizo na watu wale wale atanielewa.

Karantini fupi tu nitaisema. Wiki kama mbili kabla ya kuruka wanatengwa, watoto wao hawawagusi. Mwaka 1970 Ken Mattingly alitolewa kwenye Apollo 13, safari ya kwenda mwezini, siku chache kabla ya safari kwa sababu alikaa karibu na mwenye rubella, na mwenyewe hakuugua kabisa. Kwa sisi tunaohangaika kuwaambia ndugu wasijazane wodini, hiyo habari ni tamu, na uamuzi ulikuwa sahihi hata kama hakuugua.

Dogo akaniuliza kama Mwafrika amewahi. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alienda Aprili 2002, alilipia safari yake, lakini hakukwepa shule, alikaa miezi Star City nje ya Moscow akisoma Kirusi na kufanya mazoezi ya Soyuz kama wengine. Na sisi hapa tuna sehemu yetu ambayo shuleni sikuwahi kuisikia: miaka ya mwanzo ya 60 Wamarekani walikuwa na kituo cha mawasiliano Unguja, kimoja kati ya vile vilivyoizunguka dunia kwa ajili ya mradi wa Mercury, mradi wao wa kwanza wa kupeleka watu angani. Mwanaanga wao John Glenn alipozunguka dunia tarehe 20 Februari 1962 aliongea na Zanzibar akiwa juu, na vituo vile vilikuwa na madaktari wanaofuatilia mapigo na presha ya mtu aliyeko angani. Kilifungwa 1964 baada ya Mapinduzi. Huwa nafikiria yule daktari wa Unguja, naye lazima alifanya mazoezi mengi kabla ya dakika zake chache, sababu walioko chini wanaandaliwa kwenye simulata hizo hizo pamoja na walioko juu.

Tarehe 11 Oktoba 2018 Nick Hague na Aleksey Ovchinin waliruka na Soyuz kutoka kituo cha kurushia roketi cha Baikonur, dakika kama mbili hivi, roketi ikavunjika chini yao. Kapsuli ikajitoa yenyewe, mzigo ukawakandamiza karibu mara 7 ya uzito wao, na ukisikiliza sauti zao wanaripoti kama watu wanaosoma orodha dukani, Hague anaongea Kirusi kilichotulia. Kwenye mashine ya kuzungusha walishabebeshwa mzigo kama huo, mwili uliujua. Walitua Kazakhstan wazima, na Machi 2019 wakapanda tena wote wawili wakafika.

Kitu kimoja nimekichukua huko nikakipeleka kazini. Kila simulata ikiisha timu inakaa na walimu, na kiongozi ndo anaanza kusema alikosea wapi, hata kama wamefaulu. Nilimwambia in-chaji wetu, akakubali, sasa baada ya kila CPR tunakaa kidogo kabla ya kuandika ripoti na anayeongoza anaanza. Juzi daktari wetu mkubwa alisema adrenalini ya pili ilichelewa kwa sababu aliiagiza bila kumtaja mtu, kila mmoja akadhani mwenzake anaivuta, afu sista mdogo kuliko wote akasema yeye aliisikia ila aliogopa kuichukua bila kuitwa. Kwa hiyo kwetu dawa sasa inaagizwa kwa jina la anayeitoa, na anayeitoa anarudia kwa sauti dawa na dozi kabla ya kuchoma.