Nilivyosajili timu ya chuo kwa kuuliza watoto wa dada

Kuna mdogo wangu kapata ukocha msaidizi wa kikapu kwenye chuo kimoja huku Marekani na kila siku ananiuliza, bro, mnapataje wachezaji bila hela. Nimechoka kumtumia voisi za dakika kumi kumi, naandika mara moja, asome yeye na yeyote mwenye shida hiyo.

Mimi ni mtoto wa Upanga, kikapu nimejifunzia Don Bosco, kwa kusimama pembeni kusubiri wakubwa wachoke ndo na mimi niguse mpira. Jimbo la Indiana nilikuja kusoma, nikamaliza, nikabaki na timu. Chuo ni kidogo, jina naliacha. Tupo Divisheni ya Tatu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huku, na kwa Mtanzania niseme mapema sio ile divisheni three ya form four, ni daraja la vyuo ambavyo haviruhusiwi kutoa skolashipu ya michezo hata ya senti moja. Kijana anapata msaada kwa sababu kwao hali sio nzuri au kwa sababu ana maksi, kwamba anadanki vizuri hiyo haihesabiki. Sasa hapo unashindana na vyuo vikubwa vyenye ndege na viatu vya bure, na tangu 2021 wachezaji wanalipwa kabisa kwa matangazo, wewe mkononi una kipeperushi na pizza.

Halafu huku ni Indiana. Simba na Yanga ya huku ni kikapu cha sekondari, sitanii, pale mji wa New Castle kuna jimu ya shule ya sekondari inaingiza watu zaidi ya 7,000. Kwa hiyo vijana wanaojua wapo wengi, ila na makocha wanaowatafuta wapo wengi vilevile, ukimwona mtoto mzuri Jumanne ujue wenzako sita walimwona Jumatatu. Na mimi kila nikijitambulisha natoka Tanzania naulizwa kama Hasheem Thabeet ni ndugu yangu. Hapana, yeye ana futi 7 na inchi 3, alichukuliwa wa pili kwenye drafti ya NBA 2009, yaani pale timu za ligi kubwa ya kulipwa zinapochagua vijana kwa zamu, mimi hata mlango haunihusu.

Msimu wangu wa pili tuliondokewa na wachezaji wanne kwa mpigo, wawili waliingia ile potali ya uhamisho, orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, ambayo NCAA waliifungua 2018, siku hizi mchezaji kuhama ni kama kubadili laini ya simu. Kocha mkuu akaniita akasema tunataka watu wenye sababu ya kubaki, tafuta watoto wa wahitimu wetu, wale waliocheza hapa zamani.

Wazo lenyewe sio jipya. Chuo cha Kentucky walimpata Reed Sheppard, baba yake Jeff alibeba ubingwa wa vyuo pale 1996 na 1998 na mama yake naye alichezea Kentucky, mtoto akakaa mwaka mmoja tu akaenda NBA nafasi ya tatu mwaka 2024. Chuo cha Duke mwaka 2025 wamewapokea mapacha wa Carlos Boozer ambaye alikuwa bingwa nao 2001. Ila kuna upande wa pili ambao makocha hawapendi kuukumbuka. Dell Curry alikuwa nyota wa chuo cha Virginia Tech, na mwanae Stephen pale pale chuoni kwa baba hawakumpa skolashipu, wakamwambia aje tu bila skolashipu kama anataka, akaenda zake chuo kidogo cha Davidson na 2008 akawafikisha timu nane bora za nchi nzima. Kwa hiyo ndugu wa mchezaji unaweza ukampata kirahisi na unaweza ukamdharau kirahisi hivyohivyo.

Mimi nilianza kijinga. Chini ya jimu kuna stoo, nikatoa picha zote za timu kuanzia miaka ya themanini, vumbi mpaka kwenye meno, nikaandika majina yote kwenye daftari, halafu nikawa naingia kwenye orodha za timu za sekondari mtandaoni kutafuta majina ya ukoo yanayofanana. Mwezi mzima. Nikapata wawili. Mmoja hakuwa na undugu wowote na sisi, jina tu limegongana, na wa pili ni kweli mtoto wa mhitimu lakini kumbe nilikuwa nasoma orodha ya bendi ya shule, kijana anapiga tarumbeta. Baba yake alicheka sana kwenye simu. Mimi sikucheka.

Jumapili nikampigia mama Dar, shikamoo mama, marahaba mwanangu, mbona sauti hivyo. Nikamweleza. Mama yangu kikapu hajui hata mchezo una dakika ngapi, akasikiliza weee, halafu akasema, we mwanangu, hao wazee hawana dada? Mtoto anamfuata mjomba.

Aisee.

Ukiangalia Kiingereza chao kina neno moja tu kwa mtoto wa kaka na mtoto wa dada. Ukimuuliza mzee wa huku kama ana mtoto kwenye familia anayecheza, akili yake inaenda kwa wanae na kwa wale wenye jina lake, basi. Mtoto wa dada ana jina la baba yake, kwenye orodha humwoni, na kocha mwingine naye hamwoni, ndo uzuri wenyewe huo. Na mfano upo hapahapa Indiana, mji wa Washington, ndugu watatu wa kina Zeller, Luke, Tyler na Cody, wote watatu walitajwa mchezaji bora wa sekondari wa jimbo, 2005, 2008 na 2011. Mjomba wao ni Al Eberhard, alicheza chuo cha Missouri halafu Detroit Pistons ya NBA. Ungetafuta jina Eberhard kwenye jezi za watoto wale ungezeeka.

Basi nikarudia simu zote upya na swali nikalibadilisha. Sikuuliza tena nani anacheza, niliuliza dada zako wanaishi wapi, wana watoto wangapi, mkubwa ana miaka mingapi. Wengine walishangaa kidogo, ndugu mwenyewe anaona kama namchunguza, lakini nikiwaambia kwetu mjomba ni mtu mkubwa walikuwa wanalainika. Kabla ya hapo niliuliza ofisi ya chuo inayosimamia sheria za NCAA, wakaniambia mhitimu kunitajia mpwa wake haina shida, ila asijegeuka wakala akaanza kuwaahidi vijana wa watu viatu na hela. Hilo muulize mapema na wewe, usije ukaponza chuo.

Simu ya kumi na kitu hivi nikampata fundi bomba mmoja, alicheza kwetu miaka ya tisini, nyuma ya picha yake mtu kaandika kwa kalamu "anagombea kila mpira". Wanae wote wa kike na hawachezi. Nikamuuliza dada. Kimya kidogo, akasema ninaye mmoja, yupo dakika arobaini kutoka hapo chuoni, ana kijana pointi gadi, yule anayeongoza mashambulizi, lakini sidhani kama mtamtaka, mfupi.

Nikaenda kumwona yule kijana mara mbili, na mara ya pili nilichagua mechi ya ugenini makusudi, kwa sababu nyumbani kila mtu ni shujaa. Mfupi kweli. Ila timu ikipoteza mpira yeye ndo wa kwanza kurudi nyuma, na akitolewa nje anakaa karibu na kocha, haendi mwisho wa benchi kununa. Nikaomba kwenda kwao.

Pale mezani jikoni mama wa kijana alinimiminia kahawa, akatoka, akarudi na boksi la viatu. Mle ndani kuna daftari la shule la mistari, jalada limeliwa pembeni. Kumbe enzi za kaka yake alikuwa anaenda kila mechi ya nyumbani na daftari, anahesabu ribaundi zake, yaani mipira aliyoidaka baada ya mtu kukosa kikapu, kwa vijiti, vinne vimesimama na kimoja kimelazwa juu, ukurasa baada ya ukurasa, na tarehe juu kwa herufi za mviringo za msichana wa sekondari. Miaka minne yote. Akaniambia, kaka yangu mnamtumia kadi kila Krismasi na bahasha ya kuomba mchango, mimi hamna mtu wa chuo chenu aliyewahi kunipigia simu.

Sikuwa na jibu. Nikanywa kahawa.

Kijana alikuja. Miaka miwili sasa anaanza kikosi cha kwanza.

Sasa nikueleze na nilipoharibu, maana usidhani kila ndugu ni dhahabu. Mwaka uleule nilimsajili mtoto wa kumzaa wa nyota wetu mmoja wa zamani. Siku ya kutembelea chuo baba aliongea kuanzia geti mpaka kantini, hapa nilifanya hivi, pale tulimfunga fulani, kijana anatembea nyuma mikono mfukoni. Mimi nikajiongeza, nikaahidi atapewa jezi namba ya baba yake, baba akatokwa machozi, nikajiona bingwa. Mwezi wa kwanza, katikati ya msimu, kijana kaja ofisini kaweka jezi juu ya meza, imekunjwa vizuri, akasema Kocha samahani, mimi nilitaka kusoma kwingine. Baadaye nikahesabu kwenye simu yangu, kwa miezi sita niliongea na baba mara 11, na kijana peke yake mara mbili, na moja ya hizo alikuwa anaomba namba ya ofisi ya mikopo. Kosa ni langu kabisa hapo.

Tangu siku hiyo mzazi akija nampa kocha mkuu amzungushe, mimi natembea na kijana peke yetu mpaka maktaba na kurudi, na namuuliza kitu kimoja tu, je mjomba wako angesoma kwingine wewe ungekuja hapa? Akijibu haraka sana ndiyo, simwamini. Akifikiria, tunaendelea. Namba ya jezi siahidi tena, wengi hata hawaitaki. Yule wa daftari tulimpeleka kuona picha ya mjomba wake ukutani, akaitazama kama sekunde tatu, akauliza ile mashine ya kurudisha mpira wanafunzi wanaruhusiwa kuitumia mpaka saa ngapi usiku. Nikajua huyu ni wetu.

Kingine kigumu ni kumwambia mzee kwamba mpwa wake hafiki. Inabidi upige simu mwenyewe na mapema, usimwachie kijana agundue kwenye orodha. Nimeshapiga tatu za hivyo. Wawili walinielewa, mmoja ameacha kabisa kuja kwenye mechi, na naambiwa mchango wake nao umeacha kuja. Kocha mkuu hakusema kitu ila niliona uso.

Kwa misimu mitatu tumepata ndugu watano, watatu kati yao majina yao hayafanani na yeyote kwenye picha za stoo. Wanne bado wapo. Na hela ya mafuta niliyotumia ni kidogo kuliko mwaka ule nilipokuwa nazunguka kwenye mashindano ya majira ya joto natazama vijana mia kwa siku.

Daftari langu sasa lina safu ya dada, na nyingine nimeongeza ya mashangazi. Juzi yule mama wa vijiti kanitumia meseji, kuna mtoto wa wifi yake, yupo darasa la kumi, urefu bado hana lakini mkono anao. Nimemjibu Ijumaa nakuja.