Bili ya Stima ya Babu

Yule dada wa mapokezi aliishika bili yangu ya stima kwa ncha za vidole, akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, kisha akaniuliza kwa upole, "Na huyu ni nani?"

Nikamwambia huyu ni babu yangu.

"Anaishi nanyi?"

"Alifariki 1991."

Akanitazama. Mimi nikatazama dirishani, ambako kulikuwa na bwawa na bata wanaogelea bila wasiwasi wa vitambulisho.

Nianze nyuma kidogo. Nilikuwa nimekwenda Uingereza kwa harusi ya binti wa dada yangu, Leicester. Harusi ilikuwa nzuri, biriani lilizidi chumvi, na hayo yatosha. Lakini kwa kuwa viza ilinikamua pesa ambazo hazirudi hata ukinyimwa, nilijiapiza kwamba sitarudi Mombasa kabla sijafika Kew, magharibi mwa London, zilikohifadhiwa Nyaraka za Taifa. Nilikuwa na deni la kulipa huko, deni la maneno.

Babu alikuwa kuli bandarini Kilindini. Mdigo, mtu wa maneno machache, ila hadithi moja aliirudia mpaka tukawa twaimalizia naye. Alisema emajensi, yaani hali ya hatari ya Waingereza, ilipoanza mwaka 1952, manowari ya Waingereza ilitia nanga Mombasa, na ubavuni iliandikwa jina la nchi yetu. "Wazungu wametuletea Kenya nyingine," alikuwa akisema, "hii ina mizinga." Sisi tulicheka. Baba yangu mwenyewe, aliyemheshimu mno, alituambia mzee amechanganya mambo: vita vya Mau Mau dhidi ya Waingereza vilikuwa bara, Nyeri na Murang'a, manowari ije Mombasa kufanya nini? Babu akafa akiwa mwongo wa heshima.

Basi nikafika Kew siku ya Jumamosi, asubuhi, nimevaa makoti mawili. Kadi ya msomaji ni bure, na huo ndio uungwana pekee wa bei niliouona Uingereza. Lakini wataka hati mbili, moja ya kuonyesha wewe ni nani na ya pili ya kuonyesha unakaa wapi. Hayo yote yameandikwa wazi, niliyasoma nikiwa bado Mombasa, na kosa ni langu mia kwa mia. Pasipoti ilipita. Ya pili ndiyo hiyo bili.

Niwaulize wenzangu wa Mombasa: nani kati yenu ana bili ya stima kwa jina lake? Nyumba yetu Majengo aliijenga babu, mita ikawekwa kwa jina lake, babu akaenda, baba akaenda, mita imebaki na mwenyewe. Anwani yetu ni S.L.P., na hilo sanduku si letu, ni la shule aliyofundisha ami yangu. Nikitaka kumwelekeza mtu kwetu namwambia ashuke msikitini, aulize kwa muuza mbaazi. Sasa muuza mbaazi nitamwekaje kwenye fomu?

Yule dada hakunifukuza. Aliniambia nilete taarifa ya benki yenye jina langu na mahali ninapokaa, mambo yatakwisha. Kisha akaongeza, kwa huruma kabisa, kwamba Jumapili na Jumatatu hawafungui.

Nikatoka nje nikampigia mke wangu. Ilikuwa alasiri Mombasa, saa ya usingizi.

"Mama Swabra, nifungulie droo ya pili ya kabati."

"Waniamsha kwa droo?"

"Natafuta karatasi yoyote yenye jina langu na mtaa wetu."

Kimya. Nikasikia droo ikivutwa, makaratasi yakifukuliwa. "Kuna kadi ya chanjo ya Swabra. Kuna risiti ya friji. Kuna kitu cha bima, jina limekosewa." Kimya tena. "Kwani weye ulikwenda harusini au mahakamani?"

Siku tatu. Chumba nilichopanga Hounslow kilikuwa pauni 62 kwa usiku, kwa hiyo ujinga wangu wa bili uligharimu takriban shilingi 32,000, bila kuhesabu chakula. Na chumba chenyewe! Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na saa nne usiku kipasha joto kinajizima, mwenye nyumba akisema ni mtambo, ukijizima umejizima. Nililala na soksi, kofia na koti moja, koti la pili likiwa blanketi. Chai ya karatasi, maji ya moto yaliyoonyeshwa majani tu, pauni tatu na nusu. Nilipopiga hesabu ya shilingi kikombe kikanishinda kumaliza, na kukimwaga pia kukanishinda. Jumapili na Jumatatu sina la kusimulia zaidi ya mvua.

Jumatatu jioni benki ikanitumia taarifa kwenye simu, imeandikwa Majengo, Mombasa. Jumanne nikapigwa picha, nikapewa kadi yenye sura yangu. Nikaishika ile kadi nikamkumbuka babu kwa jambo jingine. Tangu mwisho wa mwaka 1919 serikali ya koloni ilianza kuwavisha wanaume Waafrika kipande, karatasi yenye alama za vidole, jina, kabila na majina ya mabwana aliowafanyia kazi, ndani ya kikebe cha bati shingoni. Babu alikuwa nacho. Ukikutwa huna, ndani. Wakati huo walijua analala wapi bila kumuuliza bili.

Ndani ya chumba cha kusomea huingii na kalamu ya wino. Penseli peke yake, na vitu vyako kwenye mfuko wa plastiki unaoona kupitia, kama soko la samaki. Unaagiza faili kwenye kompyuta, unasubiri, inaletwa. Mimi niliagiza za Wizara ya Makoloni za mwaka 1952, na za makao makuu ya jeshi Afrika Mashariki. Ya kwanza niliiweka juu ya sponji lao la kulalia vitabu, nikaifungua. Karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, pini zimeota kutu, na juu mhuri mwekundu: SIRI.

Nilitarajia kukuta hasira. Nikakuta kazi ya klaki. Chifu Waruhiu, aliyekuwa upande wa Waingereza, aliuawa tarehe 7 Oktoba. Gavana mpya, Evelyn Baring, hata mwezi hajamaliza nchini, akaiandikia London tarehe 9 akiomba ruhusa ya kutangaza hali ya hatari. Waziri wa Makoloni, Oliver Lyttelton, akakubali tarehe 14. Baada ya hapo ni mipango tu: orodha ya watu wa kukamatwa usiku mmoja, wapatao 180, operesheni iliyopewa jina Jock Scott, na kikosi cha Lancashire Fusiliers cha kuletwa kwa ndege kutoka Mfereji wa Suez hadi Eastleigh, Nairobi. Mimi nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, na naijua lugha hiyo. Nani apokee, saa ngapi, gharama zidaiwe kwa nani. Ndivyo tunavyoandika kuhusu makontena ya mchele.

Tarehe 20 Oktoba Baring akatia sahihi, usiku huo wakaanza kubisha milango. Jomo Kenyatta akachukuliwa, na wenzake watano waliokuja kushtakiwa naye Kapenguria. Mpango ulifaulu kama ulivyoandikwa, ila waliochukuliwa wengi ndio wale ambao mtu angeweza kukaa nao mezani. Vijana wakapanda msituni, Nyandarua na Mlima Kenya, na hali ya hatari iliyodhaniwa itakwisha upesi ikaenda hadi Januari 1960. Watu 1,090 walinyongwa. Sisi wa Pwani tuliwaona wafungwa wakipita kwa treni. Kambi ya Manyani iko hapo kwenye barabara yetu ya Nairobi, mabasi yanapita kila saa, abiria wamelala.

Saa tisa hivi, katikati ya telegramu, nikaiona. Herufi kubwa, kati ya habari za ndege na habari za askari: HMS KENYA, MOMBASA. HMS ndivyo Waingereza wanavyoanza majina ya manowari zao.

Nilisoma mara tatu. Kisha nikainuka nikakaa tena, kwa sababu mle ndani hakuna mtu wa kumwambia. Mzee aliyekuwa meza ya jirani akaniona. Baadaye, chai ikiwa kwa bei ileile ya uonevu, tukajuana. Alikuwa mtu wa Cyprus, amekuja kusoma habari za kisiwa chake, kilichotangaziwa hali ya hatari mwaka 1955. Nikamweleza kuhusu babu na manowari. Hakucheka. Alisema yeye anatafuta kaka yake, na faili aliyoihitaji haimo.

Faili kutokuwamo ni hadithi yenyewe. Mwaka 1961, uhuru unakaribia, Waziri wa Makoloni Iain Macleod alitoa mwongozo wa karatasi zipi zisiachiwe serikali mpya, zikiwemo zile zitakazoiaibisha Uingereza. Za siri ziligongwa mhuri wa herufi W, na wa kuzishika awe raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya. Ukichomoa faili, unaweka ya bandia mahali pake, pengo lisionekane. Za kuchomwa ziwe majivu, na majivu yenyewe yavurugwe. Zisizochomwa zitiwe kwenye makasha yenye uzito, zitupwe kwenye maji ya kina kirefu yasiyo na mkondo, mbali na pwani kadiri iwezekanavyo. Maji yasiyo na mkondo! Huyo aliyeandika hajawahi kuvua.

Nyingine za Kenya, karibu faili 1,500 katika masanduku 300, zilipakiwa ndege mwaka 1963 na kufichwa, mpaka wazee wa Mau Mau walipoishtaki Uingereza na zikajitokeza Hanslope Park, kwenye majengo ya serikali huko Uingereza, mwaka 2011. Mwaka 2013 serikali hiyo ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, gharama za kesi zikiwemo. Nilipiga hesabu ya mtu mmoja kwa penseli, nikaigeuza kuwa usiku wa Hounslow, halafu nikaacha.

Kupiga picha nyaraka ni bure. Nikaipiga ile telegramu, nikamtumia mamangu, mkwe wa marehemu, ambaye sasa ana miaka themanini na mbili na husikiliza kila kitu kwa sauti kubwa. Jibu likaja nikiwa kwenye treni ya kurudi Hounslow, abiria wote wakageuka.

"Mwanangu, hiyo ndiyo ile meli? Mungu amrehemu. Na sisi tukimwambia ale, alale." Kisha, baada ya kukohoa: "Mkeo asema wataka kubadilisha jina kwenye stima. Pesa unazo?"

Nikamwandikia Mama Swabra kwamba bili aiache kama ilivyo.