Dalali wako yuko upande wa nani?

Wakuu, mnaotafuta kiwanja au nyumba hapa Dodoma naomba mnisome vizuri, maana hili jambo la hela ya dalali linaniuma muda mrefu na yaliyowapata madalali wa Marekani yamenipa pa kuanzia.

Kule zamani muuzaji ndo alikuwa analipa kamisheni yote, mara nyingi asilimia 5 au 6 ya bei ya nyumba, alafu dalali wake anamgawia dalali wa mnunuzi, na huo mgao ulikuwa unawekwa wazi kwenye mfumo ambao madalali wanaorodheshea nyumba. Kwahiyo dalali wa mnunuzi anaona kabisa nyumba ipi ina hela nzuri kwake kabla hajakupeleka. Wauzaji wa jimbo la Missouri wakakishtaki chama cha madalali wa kule, NAR, na tarehe 31 Oktoba 2023 jopo la wananchi mahakamani huko Kansas City likaamua kweli kulikuwa na njama ya kupandisha kamisheni, fidia ikawekwa karibu dola bilioni 1.8. Machi 2024 chama hicho kikakubali kulipa dola milioni 418 na kubadili kanuni zake, na kanuni mpya zikaanza tarehe 17 Agosti 2024.

Sasa sikia zilivyo. Mgao hauruhusiwi tena kutangazwa kwenye ule mfumo. Na dalali anayefanya kazi na mnunuzi lazima wasaini mkataba wa maandishi kabla hajamwonyesha nyumba, malipo yake yatajwe kwa kiasi kinachoeleweka, sio "tutaongea". Alafu kuna kipengele mi ndo nimekipenda kuliko vyote: dalali haruhusiwi kupokea zaidi ya kile mlichoandikiana, hata kama hela inatoka kwa mtu mwingine.

Jamani, hapo cha juu, ile hela dalali anayojiongezea juu ya bei ya mwenye mali, kimekufa!

Maana kwetu tatizo ni cha juu. Chukulia mzee ana kiwanja Nzuguni anataka milioni 9. Dalali anakwambia 12, anakukataza usiongee na mwenye mali eti "ni mgumu huyo utaharibu", mnalipana, tatu anabaki nazo, na bado anakudai asilimia 10 ya hiyo 12, yani milioni moja na laki mbili nyingine. Kiwanja cha 9 kimemlisha mtu milioni 4 na laki 2 na wewe unamshukuru kabisa kwa kukusaidia. Hapo ni kama dalali ni mmoja tu, kuna dili unakuta wa mjini kampigia wa Ilazo, wa Ilazo kampigia kijana wa Iyumbu anayemjua mzee, na kila simu inaongeza bei.

Tangu serikali ilipoanza kuhamia huku 2016 watu wanakuja kila siku, mtumishi kahamishwa ana wiki mbili tu apate nyumba, hajui Nkuhungu iko wapi wala Mkonze iko wapi, huyo ndo anatolewa hela ya kuonyeshwa vyumba ambavyo vingine vilishapata mtu. Akipata, analipa kodi ya miezi sita na mwezi mmoja wa dalali juu. Binamu yangu muuguzi kapitia hayo yote, na hakuna karatasi hata moja ya kumshika mtu.

Siwachukii madalali. Hawana mshahara, wanachoma mafuta, na sisi wateja tunawaruka vibaya sana, anakuonyesha kiwanja leo kesho unarudi mwenyewe kwa mwenye mali. Karatasi ingewalinda na wao pia.

Na sio lazima tusubiri sheria mpya. Sheria ya Mikataba tuliyonayo, Sura ya 345, ina sehemu nzima ya uwakala, na inasema wakala akifanya biashara yake binafsi ndani ya kazi uliyomtuma bila wewe kujua, unaweza kumdai ile faida. Shida utathibitishaje kama ni wakala wako wakati mliongea tu kwenye bajaji? Ndo maana naililia hii karatasi.

Iwe fupi tu. Majina na namba za simu za wote wawili, anakutafutia nini na maeneo gani, malipo yake ni kiasi gani na yanalipwa lini (mi naona baada ya kuthibitisha umiliki ofisi ya ardhi, sio kabla), kwamba hachukui hela nyingine kwa muuzaji, kwamba utaongea na mwenye mali ana kwa ana kuhusu bei, na wewe kwa upande wako hutamruka kwa kiwanja alichokuonyesha kwa muda fulani, tuseme miezi mitatu. Saini, shahidi wa kila upande, kila mtu abaki na nakala yake. Dalali akikwambia hizo ni mbwembwe za wasomi muulize taratibu tu, mwenye kiwanja anataka shilingi ngapi mkononi, na usikilize anavyojibu.