Tawi la Redio

Jana jioni binti yangu aliniuliza mbona tawi moja tu la msaiprasi wa kanisani limekauka na mti mzima uko kijani. Nilikuwa nimeshachuma majani yake na kuyafikicha bila kufikiri. Harufu ile ikanirudisha Lushoto, mwaka 1992, uani kwetu, Baba amesimama chini ya msaiprasi wetu uliokauka tawi moja, mikono kiunoni.

Majirani walishahukumu: ukatwe. Hofu yao ilikuwa na sababu. Vidukari vya misaiprasi, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mti, vilionekana Malawi mwaka 1986, vikaingia Tanzania mwaka 1988, na kila aliyeona miti ikigeuka kahawia aliogopa na wake. Baba, aliyemaliza miaka kwenye mashamba ya miti ya Shume, hakuwajibu. Alileta stuli akapanda.

Alianza kwa kutafuta sisimizi. Vidukari hutoa maji matamu, na penye utamu huo sisimizi hawakosi, tena huota ukungu mweusi kama masizi. Alipitisha kiganja chini ya matawi, akanionyesha: kikavu, safi. Kisha akashika ncha ya tawi lililokauka, akarudi nyuma kuelekea shinani, kidole kikitangulia jicho. Kila baada ya shubiri alikwangua gome kwa ukucha. Kahawia. Akasogea. Kahawia tena. Alitafuta pia donda linalotoka utomvu, maana kuna ugonjwa wa ukungu unaopitia kwenye jeraha na kuua tawi moja moja hivyo hivyo. Hakuliona. Ikabaki kama dhiraa moja kufika shinani, kidole kikasimama. Upande wa ncha tawi lilikuwa limevimba, upande wa shina jembamba, na katikati pamebonyea kama shingo iliyokabwa. Akakwangua upande wa shina: kijani kibichi, chenye unyevu. Akachokoa pale palipobonyea kwa ncha ya kisu, waya wa shaba ukang'aa.

Ulikuwa waya wa eriali. Kaka aliufunga akiwa darasa la saba ili redio ishike matangazo ya mpira. Kaka yule yule aliyeondoka usiku, baada ya maneno makali, na jina lake likawa halitajwi tena wakati wa kula. Alipoufunga, tawi lilikuwa na unene wa kidole gumba. Tawi likanenepa, waya ukabaki vile vile. Chakula kinachotengenezwa majanini kikakosa njia ya kurudi shinani, kikajazana pale, na mwisho hata maji yakashindwa kupita.

Mama alitoka jikoni, akautazama waya, akarudi ndani. Baba aliukata kwa koleo, akauchomoa kipande kwa kipande, kwa upole ambao sikuwahi kuuona mikononi mwake, akautia mfuko wa shati. Msumeno ulikuwa umeegemezwa ukutani. Hakuugusa.

Ni yeye aliyenifundisha kwamba tawi la msaiprasi likishakauka halichipui tena. Bado aliliacha, likakaa hadi upepo ulipoliangusha. Kaka alirudi baadaye sana. Sikumuuliza Baba alilibakizia nini, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Jana nilimnyanyua binti yangu mpaka akaifikia ncha.

"Anza hapa, mama. Rudi nyuma polepole."

Akakwangua kwa ukucha wake mdogo. "Kahawia," akasema, akasogeza kidole.