Kaka, usiache dansi mwezi wa tatu

Nimeona hii kitu mara nyingi mno mpaka nimeona niandike. Darasa jipya la salsa likianza wanaume wanakuja wengi tu, ikifika mwezi wa tatu wamebaki wawili watatu na wadada wamesimama pembeni hawana wa kucheza nao. Na wengi walioondoka walikuwa wanaelekea pazuri, ndo inayoniuma.

Sikia, kwenye salsa kawaida mwanaume ndo anaongoza, yaani anaamua hatua na mwenzake anafuata, kwahiyo wewe unayeongoza mwanzo wako ni mgumu zaidi na hakuna anayekwambia. Mdada aliyeanza siku moja na wewe akichukuliwa na mtu mzoefu anabebwa, wiki ya tatu tayari anaonekana anajua. Wewe huna wa kukubeba. Unasikiliza mdundo, unahesabu 1, 2, 3, ya nne unatulia, 5, 6, 7, ya nane unatulia, hapo hapo unawaza ufanye nini baadae na unachungulia nyuma ya unayecheza naye asije akagongana na watu. Kichwa kikijaa miguu inagoma, ni kawaida kabisa, kila anayeongoza vizuri leo amepita hapo. Miguu ikishazoea kwenda yenyewe, kichwa kinapata nafasi ya kufikiria mengine.

Mimi nilikuwa karibu niache. Nilikuwa nimejifunza mizunguko kama kumi na zote zinanichanganya, halafu siku moja nikacheza na mama mmoja ambaye amecheza miaka mingi, katikati ya wimbo akanambia taratibu, "Mwanangu, kidole gumba kinanibana." Nikaangalia, kweli nilikuwa nimeuminya mkono wake kama nashika bomba la basi. Akanifundisha niache gumba, vidole vyangu vikae kama ndoano na vyake vining'inie hapo juu, basi. Akasema tucheze stepu ya msingi tu mpaka wimbo uishe. Tukacheza hivo, na mzunguko mmoja wa kulia nilipojisikia, na kwa mara ya kwanza nikausikia muziki wenyewe badala ya kusikia hesabu zangu. Nilirudi wiki iliyofuata kwa sababu ya ule wimbo mmoja.

Kwahiyo ushauri wangu, stepu ya msingi na mizunguko miwili mitatu iliyo ndani ya mdundo inatosha kabisa kumfurahisha mwenzako. Nyumbani weka wimbo ucheze peke yako dakika kumi kila siku, hata kama unapika. Salsa ikikukimbiza sana anza na bachata, dansi nyingine ya wawili wawili, nyimbo zake nyingi hazina kasi hivo na hesabu ni nyepesi, hatua tatu pembeni, ya nne unagusa tu chini. Na jifunze kuongozwa pia, hata kidogo, manake ukishavutwa vibaya wewe mwenyewe hutamvuta mtu tena. Enzi za dansi ya tango kule Buenos Aires, Argentina, wanaume walikuwa wanafanya mazoezi wao kwa wao kwanza, mmoja anaongoza mwingine anafuata, ndo wanaenda kucheza na wanawake, kwahiyo anayekwambia dansi sio mambo ya wanaume mwache aongee.

Beba shati la pili, utatoka jasho.

Kuomba kucheza najua ndo panapotisha kuliko hata stepu. Nenda mbele ya mdada unayetaka kucheza naye, mwangalie, nyoosha mkono, "tucheze?" Akikataa sema sawa na uondoke vizuri, labda miguu inamuuma, labda wimbo haupendi. Ukimkanyaga omba samahani mara moja, rudi kwenye stepu ya msingi muendelee, usisimame kujieleza. Na usianze kumfundisha katikati ya wimbo hata kama amekosea. Wimbo ukiisha mwambie asante, mrudishe alipokuwa amekaa, halafu kamwombe mwingine kabla hujarudi kwenye kiti.